Omo ya Queen Mary 2 na Umati wa Hamburg

Mjomba wangu alifanya ukuli katika bandari ya Kilindini miaka ya 1950, na hadi leo, umri umeshapita miaka 80, meli anaipima kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele. Ukimwambia umeona meli kubwa, hakuulizi ina ghorofa ngapi wala imebeba watu wangapi. Anauliza, "Omo yake ikoje?" Kwa miaka mingi nilidhani ni mazoea tu ya mtu wa bandarini. Jioni moja ya Juni, nikiwa nimesimama Övelgönne, Hamburg, Ujerumani, katikati ya umati uliokuja kuitazama meli ya abiria ya Queen Mary 2 ikiondoka, nikatambua kuwa swali lake lilikuwa na jibu la jambo lililonisumbua tangu asubuhi.

Jambo lenyewe ni hili: watu wote hawa wamefuata nini?

Hamburg si mji wa kushangaa meli. Uko kiasi cha kilomita 100 ndani kutoka baharini, kando ya mto Elbe, na vyombo hupita mbele ya macho ya wakazi wake usiku na mchana. Övelgönne ni ukanda wa mchanga chini ya nyumba ndogo za manahodha na marubani wa zamani. Ng'ambo yake kuna gati za makontena na kreni zake zisizolala. Meli za mizigo zenye urefu wa mita 400 huingia na kutoka hapo, na mtu aliyejilaza juani hainui hata kichwa. Queen Mary 2 ina mita 345. Kwa ukubwa, basi, imeshapitwa. Ukisema ni anasa, msimu wa kiangazi meli za kitalii hutia gati mjini kila wiki, zenye mabwawa ya kuogelea na vibaraza vya vioo, na watu huzitazama kidogo wakaendelea na shughuli zao.

Hii sivyo. Ilipopanda mto kwa mara ya kwanza Julai 2004, mamia ya maelfu ya watu walijipanga kingoni kuipokea, na tangu hapo mji umeichukua kama mtoto wa kulea. Jioni ile niliyokuwepo mimi, feri namba 62 inayotoka Landungsbrücken ilijaa hadi watu wakaachwa gatini. Vibanda vya mikate ya samaki viliishiwa mikate. Ilikuwa saa mbili usiku, jua bado lipo kama ilivyo huko kaskazini mwezi Juni, na wazee walikuwa wamekuja na viti vyao vya kukunja kama watu waliokuja arusini.

Nilikuwa nimeegemea reli ya chuma kwenye jeti ya feri. Kabla meli haijafika usawa wetu, maji yakaanza kuuacha mchanga. Hayakuwa maji kupwa. Yalivutwa na ule mwili mkubwa uliokuwa ukijongea mkondoni. Kokoto zilizolowa zikaonekana zikimetameta, na mama mmoja akamwita mwanawe kwa ukali apande juu. Watu wa pale wanaujua mto wao: ukivutwa hivyo, utarudi. Mara honi ikalia, nami nikaisikia kwanza kwenye viganja, kupitia ile reli. Moja ya honi zake ilitoka kwenye Queen Mary ya kwanza, iliyoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1936 na ambayo tangu 1967 imetulia Long Beach, California. Inasikika umbali wa kilomita 16 hivi. Hapo tulipokuwa, meli haikuwa hata mita 300 kutoka kwetu.

Ndipo omo ikatokea.

Wapo wanaosema umati ule unafuata kumbukumbu tu, hamu ya zamani za mashuka meupe na orkesta. Sikubaliani nao. Kijana wa miaka 15 aliyekuwa mbele yangu, amesimama juu ya jiwe na simu yake hewani, hana kumbukumbu yoyote ya zama hizo. Kilichomleta, na kilichotuleta sote, naamini ni umbo. Na umbo la meli hii linapendeza kwa sababu limetokana na kazi. Jicho la binadamu linalitambua hilo hata pale ambapo mdomo hauna maneno ya kulieleza.

Hapa lazima tutenganishe vyombo viwili ambavyo watu wengi huviita kwa jina moja. Meli ya kitalii huzunguka. Inatoka bandari hii, inatembelea visiwa, inarudi ilikotoka, na hali ya hewa ikichafuka nahodha hubadili njia, maana shabaha ya safari ni safari yenyewe. Meli ya masafa ina miadi. Lazima itoke Southampton tarehe fulani ifike New York tarehe fulani, na katikati ipo Atlantiki ya Kaskazini, ambayo mwezi wa Januari haimstahi mtu. Kwa zaidi ya karne moja ndiyo iliyokuwa njia kuu kati ya Ulaya na Marekani. Ndege zikaivunja biashara hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, na leo Queen Mary 2 ndiyo pekee iliyobaki ikifanya kazi hiyo kwa ratiba.

Aliyeichora ni mhandisi Mwingereza, Stephen Payne, na aliichora akiifikiria bahari ile. Omo yake ni ndefu, imechongoka, na juu yake sitaha inaenda mbele sana kabla ya nyumba ya abiria kuanza. Kwa jicho la mfanyabiashara, ule urefu ni hasara: pale pangekaa vyumba vingapi vya kuuza? Payne aliuacha wazi kwa ajili ya wimbi. Nyuma kidogo ya ncha kuna ukuta wa kuvunja maji uliofinyangwa kufuata mfano wa Normandie, meli ya Kifaransa ya mwaka 1935, ili maji yakipanda sitahani yapasuke na kumwagika kando badala ya kugonga vioo. Chuma kilichotumika kinazidi kwa asilimia 40 hivi kile cha meli ya kawaida ya kitalii. Mitambo yake inaweza kuisukuma hadi karibu noti 30, yaani zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ili dhoruba ikiichelewesha siku moja, iweze kuifidia siku inayofuata.

Nitaje na mashua za kuokolea, maana hilo ndilo lililonifanya nimheshimu mtu huyu. Kanuni za kimataifa zilitaka ziwekwe chini, kiasi cha mita 15 juu ya maji, abiria wateremke bila shida. Payne akasema: Atlantiki ya Kaskazini mawimbi yatazing'oa. Akaomba ruhusa azitundike kiasi cha mita 25, akapewa. Hakuwa anabahatisha. Septemba 1995, Queen Elizabeth 2, meli iliyotangulia kazini, ilikutana na kimbunga Luis na ikapigwa na wimbi lililokadiriwa kuwa na mita 29. Ilipita salama. Nahodha wake siku hiyo alikuwa Ronald Warwick, na huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa nahodha wa kwanza wa Queen Mary 2. Baba yake, William Warwick, alikuwa nahodha wa kwanza wa Queen Elizabeth 2. Elimu ya bahari imepita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kutoka chombo hadi chombo.

Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, nayo ina habari yake. Mashine za kuisukuma zinaning'inia chini ya meli, na zinahitaji tezi bapa, iliyokatwa wima. Bahari inayokuja kwa nyuma inataka tezi ya duara, inayoliteleza wimbi. Payne akaunganisha zote mbili: chini bapa, juu mviringo. Nilipoitazama ikitupa kisogo kuelekea Blankenese, niliyaona mapatano hayo waziwazi kwenye chuma. Hata dohani yake nyekundu, ambayo kwa mwili ule ungetarajia iwe ndefu zaidi, kimo chake kimeamuliwa na daraja la Verrazzano la New York ambalo lazima ipite chini yake.

Sasa tuitazame meli nyingine, iliyozaliwa papo hapo Hamburg. Mei 1912, Kaisari Wilhelm II aliishusha majini Imperator, meli ya kampuni ya Hapag iliyokuwa chini ya Albert Ballin. Ballin alikuwa mtu mkubwa. Mamilioni ya wahamiaji waliokwenda Marekani walipitia katika mji huu, na yeye aliwajengea mabweni na kuwapangia safari. Lakini kwa Imperator tamaa ilishika sukani. Waingereza walikuwa wanajenga Aquitania, na ilipojulikana kuwa ingeweza kuwa ndefu zaidi, Wajerumani wakabandika kwenye omo ya Imperator tai mkubwa wa shaba mwenye taji, ili urefu uongezeke. Baada ya muda mfupi, dhoruba ya Atlantiki ikamvunja yule tai mabawa, na mabaki yake yakaondolewa.

Tabu yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa tumboni. Meli ilikuwa nzito juu na nyepesi chini: marumaru, samani za mbao nzito, mapambo. Ikawa inayumba kwa kiasi cha kutisha. Ilibidi irudishwe kwa mafundi, marumaru yatolewe, na tani 2,000 za saruji zimiminwe chini kabisa ili itulie. Wahenga wetu wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sijui mfano mwingine ambapo msemo huo umetimia sawasawa namna hii: fahari ilianzia kwenye omo, hesabu ikaja kulipwa ngamani, kwa saruji.

Tena meli yenyewe ilikuwa na kina kikubwa mno kwa mto, kwa hiyo safari zake zilianzia Cuxhaven, mdomoni mwa Elbe. Watu wa Hamburg walioijenga kwa mikono yao hawakuizoea mbele ya mji wao. Baada ya vita vya kwanza vya dunia ikachukuliwa, ikapewa kampuni ya Cunard ya Uingereza, wenye Queen Mary 2, kama fidia ya Lusitania iliyozamishwa mwaka 1915, ikabadilishwa jina kuwa Berengaria, na ikawatumikia Waingereza hadi 1938. Kwa hiyo Cunard iliyoondoka na jitu la Hamburg ndiyo hiyohiyo ambayo leo meli yake inapanda mto hadi katikati ya mji, na watu wa Hamburg wanaiita yetu. Hata mafundi wa hapo wameigusa: karakana ya Blohm+Voss imeiingiza mara kadhaa kwenye gudi lake kavu liitwalo Elbe 17, mahali pa kutengenezea meli maji yakiwa yametolewa, na ukarabati wake mkubwa wa mwaka 2016 ulifanyika humo kwa siku 25. Mji hupenda meli ambayo umewahi kuiona ikiwa kavu, umejua hadi tumbo lake.

Siandiki kama mtu asiye na historia na mto huu. Mwaka 1890 ilianzishwa hapa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani, na meli zake zikawa zinatia nanga Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Zilibeba barua na bidhaa. Zilibeba pia maofisa waliokuja kututawala. Katika mtaa wa Große Reichenstraße bado lipo jengo la Afrikahaus la mwaka 1899, na uani mna sanamu za tembo wawili. Nilisimama hapo asubuhi ile kabla ya kwenda Övelgönne. Zile meli nazo bila shaka zilikuwa na maumbo mazuri, na bila shaka wapo wazee wetu waliosimama ufukweni wakazisifu, maana Mswahili ni mtu wa vyombo. Aliyekulia karibu na majahazi hawezi kuiacha omo nzuri ipite bila kuitazama. Nasema hivi kwa sababu hoja yangu isipopelekwa hadi mwisho itadanganya. Ikiwa umbo linasifiwa kwa kuwa linaeleza kazi, basi anayelisifu ana wajibu wa kuuliza kazi yenyewe ni ipi, na nani ameilipia.

Kwa Queen Mary 2, wa kwanza kutajwa ni watu wa Saint-Nazaire. Ilijengwa huko, pwani ya magharibi ya Ufaransa, katika karakana ya Chantiers de l'Atlantique. Tarehe 15 Novemba 2003, ikiwa imebaki miezi miwili kuanza kazi, wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao waione. Daraja la kupandia likaporomoka. Watu 16 walikufa. Hao hawakuwa abiria wa daraja la kwanza. Walikuwa mafundi na familia zao, na walikuwa wamekuja kwa sababu ileile iliyotuleta sisi Övelgönne, kuitazama kwa karibu. Kila makala inayosimulia jinsi Malkia Elizabeth II alivyoipa jina Januari 2004 ingepaswa kuwataja hao kabla.

Halafu kuna moshi. Wakazi wa Hamburg wanaolalamikia meli za abiria wana haki kabisa. Meli iliyofunga gatini huhitaji umeme kwa ajili ya maelfu ya watu, na isipoupata kutoka nchi kavu inauzalisha kwa mitambo yake, katikati ya mji, chini ya madirisha ya watu. Bandari ilianza kuweka umeme wa nchi kavu kwenye gati la Altona katikati ya miaka ya 2010, na mahitaji hayaishii hapo. Sioni mgongano kati ya kuipenda meli na kudai izime mitambo ikifika. Hata Cunard imelazimika kukiri jambo fulani: safari ya New York, iliyokuwa ya usiku sita meli ilipoanza, sasa kwa kawaida ni usiku saba. Inaenda polepole, inachoma mafuta kidogo, na sijasikia abiria aliyelalamika kuongezewa usiku mmoja wa bahari.

Na tiketi, ndiyo, ni ghali kwa wengi wetu. Lakini waliokuwa ufukweni hawakulipa kitu. Hilo nalitia uzito kuliko wanavyolitia wachumi wa utalii, ambao huhesabu pesa alizotumia abiria aliyeshuka na kumsahau aliyesimama kingoni. Bandari nyingi za dunia zimezungushiwa ua tangu makontena yaanze. Mtu anaweza kuzaliwa na kufa katika mji wa bandari bila kuigusa meli. Kwetu Mombasa, anayetaka kuona meli kubwa ikiingia Kilindini huenda Mama Ngina, akakaa ukutani na mihogo yake ya kukaanga, na chombo kikapita karibu hadi akawaona mabaharia nyuso. Dar es Salaam ni pale mlango wa bandari ulipo mwembamba, kwenye kivuko cha Kigamboni. Sehemu kama hizi zilindwe kama tunavyolinda misikiti ya kale na ngome. Hamburg wameelewa hili mapema. Kule Wedel, chini ya mto, tangu 1952 kuna kituo ambacho kazi yake ni kusalimia meli zinazopita: bendera inashushwa, wimbo wa taifa la chombo unapigwa, na watu wanakula keki wakisikiliza. Meli ya makontena isiyojulikana hata jina hupata salamu hiyo.

Nilimtumia mjomba picha tatu, moja ya omo, moja ya ubavu, moja ya tezi. Kwa hesabu ya Mombasa ilikuwa karibu saa tatu na nusu usiku, nikidhani amelala. Akanijibu kwa sauti, dakika nne nzima. Alianza na meli za Union-Castle za ujana wake, Kenya Castle, Rhodesia Castle na Braemar Castle, zilizokuwa zikiizunguka Afrika yote: mwili wa zambarau mpauko, dohani nyekundu yenye kilemba cheusi. Alikumbuka namna zilivyoingia Kilindini asubuhi na watoto wa Likoni wakikimbia ufukweni kuzifuata. Kisha akarudi kwenye picha ya kwanza. Hiyo, akasema, imechongwa na mtu anayeogopa maji, na alilisema hilo kama sifa. Mwisho akauliza swali ambalo mimi, kwa kusoma kote, sikuwa nimefikiria kulijibu: kamba za gatini bado zinafungwa na watu, au siku hizi ni mashine?

Nikamweleza nilichokiona alfajiri ile. Meli ilipokaribia gati, mashua ndogo ilitoka na wanaume wawili waliovaa makoti ya rangi ya machungwa. Kutoka juu, kwenye tundu la ubavuni, kamba nyembamba ikateremshwa, nyuma yake ikaja kamba yenyewe, nene kama paja. Mmoja akaikamata kwa ndoano, mwingine akageuza mashua, wakaivuta hadi ukutani, na huko juu wenzao wanne wakalipokea lile tanzi lililolowa, wakalibeba kwa mabega, wakalivisha kwenye kiguzo cha chuma. Mmoja wao akalipiga kofi mara mbili kuhakikisha limekaa.

"Mara mbili?" mjomba akauliza.

Mara mbili.

"Hata sisi," akasema.